UZI: Kujitolea nje ya nchi na kutembea humo humo – karatasi, pesa na siku za likizo kwa mwenye pasipoti ya Uganda

Mpaka_Mutukula

Wakuu, hodi. Kila mtu akiuliza humu "nataka kwenda nje kujitolea na nitembee kidogo, nianzie wapi", jibu la kwanza huwa ni namba ya ajenti. Tuweke mambo yenyewe hapa, tukianza na karatasi, maana huko ndiko wengi wanakoangukia.

Kwa uhamiaji wa nchi nyingi, kujitolea ni kazi. Kutolipwa mshahara hakubadilishi kitu. Ukipewa kitanda na sahani ya chakula kwa sababu unachuma zabibu za mtu, umelipwa. Ndiyo maana ule mpango wa "nitaingia na viza ya utalii, nikifika nitasaidia saidia" ni mbovu hata kama mwenyeji ndiye aliyekushauri. Yeye anabaki kwake. Wewe ndiye unayerudishwa, na kukataliwa huko utaulizwa kwenye kila fomu ya viza utakayojaza baadaye.

Programu ziko za namna tatu, na kila moja ina karatasi zake.

Kuna kambi za kazi. Hizi ni za zamani: Pierre Cérésole na wenzake walianza mwaka 1920 karibu na Verdun, Ufaransa, wakijenga upya kijiji kilichobomolewa na vita, na hapo ndipo lilipozaliwa shirika la Service Civil International. Siku hizi kambi huchukua wiki mbili au tatu, watu 10 hadi 20 kutoka nchi mbalimbali, saa tano au sita za kazi kwa siku: kufungua njia za msituni, kupaka rangi shule, kuandaa tamasha la kijiji. Mnalala darasani kwenye magodoro, mnapika kwa zamu. Nauli na viza ni juu yako. Kwa kawaida huombi moja kwa moja kule; unapitia shirika la hapa nyumbani lenye ushirika na la kule. Kutembea ni kabla au baada ya kambi.

Kuna utumishi wa muda mrefu wenye mkataba, miezi sita hadi mwaka au zaidi. Hapa unapewa malazi au fedha za malazi, chakula, bima, fedha za mfukoni, na likizo iliyoandikwa.

Halafu kuna majukwaa ya kubadilishana kazi na malazi: WWOOF kwa mashamba ya kilimo hai (lilianzia Uingereza mwaka 1971), Workaway, Worldpackers. Unalipa uanachama wa mwaka, unaandikiana na mwenyeji, mnakubaliana saa nne hadi sita kwa siku. Jukwaa halikuombei viza wala halikukatii bima. Mwenyeji si taasisi, kwa hiyo barua yake ubalozini ina uzito mdogo. Kwa pasipoti yetu hii ndiyo njia ngumu kuliko zote kwenda Ulaya, ingawa ndani ya Afrika Mashariki inawezekana.

Msimamo wangu: anayetaka kweli kutembea achague ile ya mkataba. Wengi wanaikimbia wakiona miezi 12 ni mingi, kumbe ndiyo pekee ambayo siku za kutembea ni haki yako na viza yenyewe inakuruhusu kuvuka mipaka. Nitarudi kwenye hilo.

Kachumbari_Jinja

Asante mkuu. Sasa chukulia kijana ana diploma, hana ndugu nje, hana akiba ya maana. Aombe wapi bila kupitia ajenti?

Rwenzori_Mashariki

Kachumbari, ziko nne ambazo hazimdai mwombaji hata shilingi ya maombi.

Vijana wa Kujitolea wa Umoja wa Afrika. Ulianza mwaka 2010, ni kwa raia wa nchi wanachama wa miaka 18 hadi 35, unapelekwa nchi nyingine ya Afrika kwa miezi 12. Wanataka elimu ya baada ya sekondari na lugha moja ya Umoja. Wanakulipia tikiti ya kwenda na kurudi, bima na posho ya kujikimu.

Watumishi wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, UNV, makao makuu Bonn. Kujisajili ni bure kwenye tovuti yao. Kundi la vijana ni miaka 18 hadi 26. Wataalamu ni kuanzia 27 wakiwa na uzoefu wa kazi. Wabobezi kuanzia 35. Ukiwa nje ya nchi yako unapata posho ya kila mwezi, bima, nauli na fedha ya kuanzia maisha. Likizo ni siku 2.5 kwa kila mwezi uliokamilika, kwa hiyo mwaka unakupa siku 30. Kosa la waombaji wengi ni kujaza wasifu nusu halafu kungoja kuitwa. Mfumo unachuja kwa maneno yaliyomo kwenye wasifu. Kama umeendesha pikipiki ya kusambaza dawa Karamoja, andika usambazaji, stoo, rejista na programu ya kompyuta uliyotumia. Ukiandika "nilisaidia jamii" hakuna chujio litakalokushika.

Ujerumani kupitia weltwärts, mpango wao wa vijana wa kujitolea, upande wa Kusini kwenda Kaskazini, uliofunguliwa mwaka 2013. Vijana wa kutoka nchi kama yetu, kuanzia miaka 18 na chini ya 30, wanatumikia Ujerumani ndani ya utumishi wa kujitolea wa shirikisho, ule wa Bundesfreiwilligendienst ulioanzishwa mwaka 2011. Huombi weltwärts yenyewe. Unaomba shirika la Uganda lililo na ubia na shirika la Kijerumani, na hilo la Uganda ndilo linalokuteua. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujulikana na shirika la aina hiyo mtaani kwako: kituo cha vijana, klabu ya mazingira, parokia, chama cha walemavu.

Norec, taasisi ya Norway ya kubadilishana watumishi, iliyoitwa Fredskorpset hadi 2018. Nayo ni ya ubia kati ya taasisi na taasisi. Mtu binafsi hana fomu ya kujaza kule.

Ukiona tangazo la "fomu ya weltwärts" au "fomu ya Norec" linalouzwa kwa mobile money, hilo limetengenezwa na tapeli ambaye hata hajasoma programu inavyofanya kazi.

Dirisha_Namba_Nne

Naongezea upande wa viza.

UJERUMANI, muda mrefu. Ni viza ya taifa, aina D, ada euro 75. Utapeleka makubaliano yaliyosainiwa na taasisi inayokupokea, uthibitisho wa malazi, bima, vyeti vya elimu, maelezo ya maisha na barua ya sababu. Wenyeji wengi wanataka angalau Kijerumani cha A1 (ngazi ya kwanza), wengine A2 (ya pili), na wanaofanya kazi na wazee au watoto hawalegezi hapo. Goethe-Zentrum Kampala wanafundisha. Anza masomo kabla hujapata nafasi, kwa sababu kozi na mtihani vinakula miezi. Ukifika, unajiandikisha makazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie, kisha unaomba kadi ya ukaazi kabla viza haijaisha.

SCHENGEN (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja ya muda mfupi), kwa kambi ya kazi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Unaweza kuomba miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, ila wanaruhusiwa kuvuta hadi 45, na wakati wa kiangazi wanavuta kweli. Bima iwe na kinga ya euro 30,000 kwa nchi zote za Schengen. Kipengele wengi hawakijui: mwakilishi wa shirika lisilo la faida mwenye umri usiozidi miaka 25, anayekwenda kwenye semina, michezo au shughuli ya utamaduni au elimu iliyoandaliwa na mashirika yasiyo ya faida, hasamehewi viza ila anasamehewa ada. Lazima barua ya mwaliko iseme hivyo waziwazi; karani hatakukumbusha.

Unaomba ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kambi ya wiki tatu Italia na siku kumi za kutembea Ufaransa: ni Italia. Watu wanaomba Ufaransa kwa sababu "wanasikia ni rahisi", halafu barua ya mwaliko inasema Italia. Faili hilo limekufa.

UINGEREZA. Ukiwa na viza ya kawaida ya mgeni unaweza kujitolea, mradi isizidi siku 30 kwa jumla, iwe kwa shirika la hisani lililosajiliwa, na isiwe sababu kuu ya safari. Zaidi ya hapo ni viza ya mfanyakazi wa hisani, hadi miezi 12. Shirika lazima liwe na leseni ya udhamini na likupe cheti chenye namba. Uwe na pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo, isipokuwa mdhamini ameandika kwamba atakugharamia. Ukikaa zaidi ya miezi sita, unapimwa kifua kikuu hapa Uganda kwenye kliniki waliyoiidhinisha, na cheti chake kinadumu miezi sita. Kwa hiyo usikimbilie kupima kabla cheti cha udhamini hakijatoka.

MAREKANI. Kuna nafasi ndani ya viza ya mgeni ya B-1 kwa mpango wa kujitolea wa shirika la dini au la hisani linalotambulika, bila mshahara, posho ya kujikimu tu. Barua ya shirika ibebe mambo haya: jina lako, tarehe na mahali ulipozaliwa, anwani yako ya kudumu Uganda, jina na anwani ya mahali utakapofikia, na muda wa utumishi. Masharti ya viza za Marekani kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilikabadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wiki ileile unayojaza fomu.

Mwisho, si kila ubalozi wenye bendera Kampala unashughulikia kila aina ya viza hapa hapa. Baadhi ya maombi hupelekwa Nairobi au nchi nyingine, au hupokelewa na kampuni. Ulizia kabla hujapanga bajeti, maana nauli ya Nairobi na siku za kulala huko hazimo kwenye orodha yoyote ya ada.

Boda_wa_Wandegeya

Banange, mnatisha watu. Wangapi wanaingia kwa utalii, wanakaa kwa mwenyeji wa Workaway mwezi mzima, wanarudi? Afisa atajuaje?

Dirisha_Namba_Nne

Ssebo, atajua kwa kuuliza. "Unafikia wapi? Unamjuaje? Umelipia chumba shilingi ngapi?" Mtu asiyelipia hoteli, aliyepata mwenyeji kwenye mtandao miezi miwili iliyopita, mwenye buti za shamba kwenye sanduku, amejibu swali la nne kabla halijaulizwa. Uingereza na Marekani wanaweza kuomba simu mpakani, na mazungumzo yote ya "utanisaidia na mbuzi asubuhi" yamo humo. Hapo tatizo si mbuzi tena. Umeandika utalii kwenye fomu na ukweli ni mwingine, na udanganyifu unaweza kukufungia mlango kwa miaka.

Nyumba_ya_Saba_Mbale

Kwenye vyeti kuna mambo yetu wenyewe ya Uganda yanayochelewesha kuliko ubalozi.

Majina. Kitambulisho cha taifa kinasema Nakato Sarah, cheti cha UNEB (baraza la mitihani) kinasema Sarah Nakatto, cha kuzaliwa hakina Sarah kabisa. Kwa mwenye duka la mtaani ni mtu mmoja. Kwa karani wa viza ni watatu. Kosa la herufi linaweza kuvuka kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo kinachosema majina haya ni ya mtu mmoja. Jina lililoongezwa au kuondolewa linahitaji hati ya kubadili jina na marekebisho NIRA (mamlaka ya vitambulisho). Fanya hivyo KABLA ya pasipoti, kwa sababu pasipoti inafuata kitambulisho, na kuirekebisha baadaye ni kuanza upya.

Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000. Unajaza fomu mtandaoni, unapata namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), unalipa, unapewa miadi. Ya mtu mzima inadumu miaka 10. Hakikisha ina kurasa tupu na inavuka mwisho wa safari kwa miezi sita.

Cheti cha tabia njema kinatoka polisi, upande wa Interpol, kwa alama za vidole. Anayekwenda kufanya kazi na watoto ataombwa bila mjadala. Taasisi nyingi hukataa kilichozidi miezi mitatu au sita, kwa hiyo kiwe cha mwisho kwenye foleni yako.

Vyeti vya shule vinathibitishwa UNEB, halafu Wizara ya Mambo ya Nje wanaweka muhuri wao, halafu ubalozi ukitaka unaweka wake. Huwezi kuruka ngazi. Na mtu asikuambie kwamba Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, watakupa muhuri uleule kwa saa moja. Watakupa, na utaonekana safi. Balozi zinawaandikia UNEB na benki moja kwa moja kuuliza.

Rwenzori_Mashariki

Nyumba ya Saba kasema benki, niingie hapo. Taarifa ya benki haisomwi kwa salio la mwisho tu, inasomwa mwendo wake. Mfano wa faili linalokataliwa: Januari hadi Mei salio linacheza kati ya laki mbili na laki nne, tarehe 3 Juni inaingia milioni 12 kwa fedha taslimu, tarehe 10 Juni maombi yanawasilishwa. Karani haoni mtu mwenye milioni 12. Anaona mtu aliyekopeshwa picha. Kama kweli umesaidiwa na mjomba, aandike barua, aambatanishe taarifa ya benki yake ya miezi ileile, na ieleweke anapata wapi. Kama mwenyeji anakugharamia malazi na chakula, barua ya mwaliko itaje hivyo, na kiasi unachotakiwa kuonyesha kinashuka. Kwa programu ya mkataba kama ile ya Ujerumani, makubaliano yenyewe ndiyo ushahidi wa kujikimu, na hilo ni nafuu kubwa kwa asiye na akiba.

Historia ya mobile money peke yake mara nyingi haikubaliwi. Fungua akaunti mapema, pitisha humo mapato yako hata madogo, yaonekane yana mpangilio.

Kachumbari_Jinja

Na barua ya mwaliko inayokubalika inafanana vipi?

Rwenzori_Mashariki

Karatasi yenye nembo, anwani na namba ya usajili ya shirika. Jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kuanza na kumaliza. Mahali utakapolala, kwa anwani kamili. Kazi yenyewe kwa saa na kwa wiki: "kusaidia jikoni na kwenye michezo ya watoto, saa 30 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa". Nani analipa nini, kipengele kwa kipengele: nauli, malazi, chakula, bima, fedha za mfukoni. Sentensi kwamba nafasi hii haichukui nafasi ya mfanyakazi wa kulipwa. Saini, cheo, na namba ya simu ambayo mtu atapokea ikipigwa na ubalozi. Barua iliyojaa "tunafurahi sana kumkaribisha rafiki yetu" bila tarehe ni kadi ya harusi.

Sauti_ya_Arua

Kabla hamjaendelea, hili la usalama. Neno "kujitolea" limekuwa pazia la mambo mengine.

Kazi za nje kwa Mganda zinasimamiwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kampuni zinazopeleka watu lazima ziwe na leseni, na zimo kwenye mfumo wa wizara mtandaoni. Anayekuambia "hii si kazi ni kujitolea, ndiyo maana hatuhitaji leseni", huku mkataba una mshahara na saa kumi kwa siku ndani ya nyumba ya mtu, anakwepa sheria hiyo. Ndani ya sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu, udanganyifu kuhusu kazi unayokwenda kufanya unatosha kuwa kosa, hata kama ulikubali kusafiri.

Mfano wa wazi ni programu ya Alabuga Start huko Tatarstan, Urusi. Ilitangazwa mitandaoni kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22, tikiti bure, kazi na masomo. Mwaka 2024 shirika la habari la AP liliripoti kwamba wasichana kutoka nchi za Afrika, Uganda ikiwemo, walijikuta wakiunganisha droni za kivita. Tangazo halikuwa na kosa la tahajia hata moja. Usitegemee kumtambua tapeli kwa Kiingereza kibovu.

Maswali yanayofichua: taasisi inayonipokea inaitwaje, na naweza kuipigia kwa namba niliyoitafuta mwenyewe badala ya uliyonipa? Nikifika, pasipoti inakaa na nani? Nikitaka kuondoka mwezi wa pili, nadaiwa nini? Jibu la swali la mwisho likiwa "utarudisha gharama zote", hapo hakuna kujitolea.

Gharama halali ni pasipoti, viza, chanjo, vipimo, kozi ya lugha, uanachama wa jukwaa, ada ya ushiriki wa kambi inayolipwa kwa akaunti ya shirika na kupewa risiti. "Amana ya nafasi" kwa namba ya simu ya mtu binafsi haimo.

Kanyonyi_Mtalii

Mmesahau kutembea kwenyewe! Mwenye viza D au kadi ya ukaazi ya Ujerumani, naye anaruhusiwa kwenda Paris wikendi?

Mpaka_Mutukula

Ndiyo, na ndilo nililoahidi kurudia. Mwenye viza D au kadi ya ukaazi ya nchi moja ya Schengen anaweza kuzunguka nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku zozote 180, bila viza nyingine. Siku unazokaa kwenye nchi iliyokupa kadi hazihesabiwi. Kwa hiyo mtu wa Leipzig mwenye kadi ya mwaka, akitumia siku zote za likizo Roma na Vienna, hafiki hata karibu na 90. Linganisha na mwenye viza ya kambi: siku zake zote, za kazi na za kutembea, zinatoka kwenye kapu moja lililoandikwa kwenye stika, pengine siku 30 tu, na kama ni ya kuingia mara moja akitoka kwenda Uingereza hawezi kurudi.

Uingereza na Ireland hazimo Schengen. Kwa pasipoti yetu hata kubadilisha ndege London bila kutoka uwanjani kunahitaji viza ya kupita, labda uwe kwenye moja ya misamaha yao. Tikiti ya bei nafuu kupitia Heathrow inaweza kukuishia kwenye kaunta ya Entebbe.

Likizo Ujerumani: sheria inatoa angalau siku 20 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na wenyeji wengine wanaongeza. Juu ya hizo, mwenye chini ya miaka 27 ana siku 25 za semina kwa mwaka, mara nyingi mji mwingine, na hizo ni sehemu ya utumishi, hazikatwi kwenye likizo. Usizipange kama mapumziko lakini zinakupeleka mahali.

Usafiri wa ndani: Deutschlandticket ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Inakubali treni za mikoa, mabasi na treni za mjini nchi nzima. Haikubali treni za kasi za ICE wala IC, na mkaguzi hasikilizi maelezo. Ni ya kujiandikisha mwezi kwa mwezi, kwa hiyo usipoighairi mapema inakukata tena. Kwa nchi nyingine, pasi ya Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Mwenye kadi ya ukaazi anaruhusiwa kuinunua, na hadi miaka 27 kuna bei ya vijana.

Mzee_wa_Busia

Vijana, msiruke jirani. Kenya na Rwanda mnaingia kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania chukua pasipoti. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anapewa pasi ya mgeni hadi miezi sita bila kulipa, chini ya itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010. Lakini pasi ya mgeni haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Tanzania wana kibali cha ukaazi daraja C ambacho ndani yake wamo watu wa kujitolea, wanafunzi na watafiti, na shirika linalokupokea ndilo linaloomba. Kama ni kufundisha kompyuta Bukoba au kuhesabu kasa Watamu, Kenya, muulize mwenyeji swali moja: "Kibali changu mnaomba tarehe ngapi?" Akisema si lazima, tafuta mwingine.

Na Kiswahili chenu ni mtaji huko. Mgeni wa Ulaya anakaa miezi akijifunza kusalimia. Nyinyi mnaanza kazi siku ya kwanza.

Sindano_ya_Mulago

Afya, kwa ufupi. Kadi ya homa ya manjano: chanjo inatambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 inadumu maisha yote, kwa hiyo yenye tarehe ya zamani bado ni halali. Jina liwe kama kwenye pasipoti. Ibebe mkononi, usiiweke kwenye sanduku la chini.

Malaria ndiyo ninayotaka msome mara mbili. Ukipata homa Ulaya ndani ya miezi ya mwanzo, mwambie daktari papo hapo kwamba umetoka Uganda na uombe kipimo cha malaria, maana wengi wao watafikiria mafua kwanza. Na ukikaa mwaka bila kuumwa na mbu wenye vimelea, ile kinga ya mwili uliyoijenga tangu utotoni inapungua. Ukirudi nyumbani wewe si yule aliyeondoka: lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo.

Anayetumia dawa za kila siku abebe za miezi mitatu kwenye vifurushi vyake, na barua ya daktari yenye jina la dawa lenyewe, siyo la biashara.

Kanyonyi_Mtalii

La mwisho kwa Mpaka: nikitaka kutembea mwezi mzima baada ya mkataba kuisha?

Mpaka_Mutukula

Angalia tarehe ya kadi, usiangalie ya mkataba. Kadi ya ukaazi imefungwa kwenye utumishi, kwa hiyo mara nyingi inaisha siku ileile au karibu sana, na baada ya hapo huna haki ya kukaa hata kama una tikiti ya treni na pesa. Njia salama ni kutumia likizo mwishoni: mkataba ukiisha tarehe 31 Agosti na bado una siku 15 za kazi, siku yako ya mwisho kazini inaweza kuwa 10 Agosti, utembee wiki tatu ukiwa bado chini ya mkataba, bima na kadi. Mwambie mwenyeji mapema, kwa maandishi, kabla wenzako hawajachukua Agosti yote. Tikiti ya kurudi iwe ya kubadilishika tarehe, na usikubali ikatwe kwa siku ya mwisho kabisa ya kadi. Ndege ikiahirishwa usiku mmoja tu, asubuhi unaondoka ukiwa umepitiliza, na hilo litaandikwa.

Ukiacha utumishi katikati, kadi haibaki hai mpaka tarehe iliyochapishwa. Mwenyeji anatoa taarifa, nawe nenda ofisi ya wageni ya mji wako wiki hiyo hiyo. Kubadili mwenyeji kunawezekana, lakini makubaliano mapya yasainiwe kabla ya kuyavunja ya zamani.